"Hawa hawapendani"

Tangu Jumapili kuna maneno ya ba'mdogo yananizunguka kichwani na naona nisipoyaandika hapa sitapumzika. Mnamjua ba'mdogo, yule wa Morogoro aliyepuliza saksafoni kwenye bendi za dansi miaka ile ya sabini, ambaye mpaka leo ukimwekea wimbo atakuonyesha pale mpiga besi alipochelewa. Alikuja Dar kwa ajili ya sendofu ya Rehema, ilipendeza mno, chakula nilisimamia mimi, na barua yangu ya uhamisho wa Dodoma nayo ikatoka wiki hiyohiyo, hayo nitayasimulia siku nyingine. Leo ni habari ya albamu.

Ni ile ya Mahavishnu Orchestra, bendi iliyochanganya jazi na roki, Between Nothingness & Eternity, iliyorekodiwa laivu Central Park, New York, Agosti 1973. Nyimbo tatu tu. Mbili upande wa kwanza, na upande wa pili wote ni "Dream", dakika 21 na ushee, hakuna anayeimba hata neno. Humu ndani hakuna anayeitaka, baba Nasra huwa anavumilia kidogo kisha anakumbuka kazi ya kufanya nje. Kwa hiyo tumaini langu lilikuwa ba'mdogo, nilimsubiri kwa hamu kabisa, nikisema huyu ni mwanamuziki, huyu atanielewa.

Nikamwekea "Sister Andrea", ile aliyoitunga Jan Hammer wa kinanda, maana ina mdundo mzito wa kuchezeka na nilijua utamshika. Akavua kofia akaiweka gotini, akasikiliza mpaka mwisho, chai hakuigusa.

"Enhe ba'mdogo, unawaonaje?"

"Wanajua kupiga."

"Eeh?"

"Lakini hawa hawapendani, mama."

Nikamwambia ba'mdogo jamani, mbona wanapokezana vizuri hivyo, gita linatoka fidla inaingia, hakuna anayepotea njia, utasemaje hawapendani? Akanijibu, "Mie nimekaa kambini na bendi." Basi. Akainuka kwenda kutawadha, alasiri ilishaingia.

Iliniuma, sitaficha. Nilitaka aseme kizuri, nilitaka kuwe na mtu mmoja kwenye ukoo huu wa kuipenda na mimi. Nimeyarudia hayo maneno jikoni, kwenye daladala, kwenye kikao cha Jumanne, "hawa hawapendani, mama", na hakuyasema kwa dharau, aliyasema kama daktari anayekwambia mtoto ana homa. Na kinachonishangaza ni kwamba alikuwa hajui lolote! Sikumwambia kuwa Juni ya mwaka huohuo walikuwa studio ya Trident kule London wakirekodi albamu, hawakuelewana wakaiweka kando, ikaja kutoka 1999, na kwamba nyimbo zote tatu za hii ya laivu zilitoka kwenye ile kazi waliyoiacha. Sikumwambia kuwa mpaka hapo albamu mbili walizotoa tungo zilikuwa za John McLaughlin, mpiga gita na kiongozi wao, na wenzake nao walitaka za kwao zisikike, wala kuwa McLaughlin alikuwa na guru wake, yaani mwalimu wa kiroho, Sri Chinmoy, aliyempa hilo jina la Mahavishnu, na ile njia wenzake hawakuifuata. Hammer na Jerry Goodman wa fidla wakamwaga ya moyoni kwa mwandishi wa gazeti. Desemba 30, 1973 wakapiga Detroit na kundi lile la kwanza likaishia hapo. Yote hayo mzee kayasikia kwenye kaspika kangu kadogo, kupitia wimbo mmoja.

Basi jana usiku watu walipolala nikavaa hedifoni nikaanza "Dream" kutafuta alichokisikia. Inaanza polepole, inajenga, halafu Billy Cobham, huyu kazaliwa Panama, akaanza kumfukuza McLaughlin na zile ngoma, gita likikimbia na yeye yupo, likikata kona na yeye kashafika, na safari hii nikasikia kweli kuwa hakuna anayetaka kumwachia mwenzie. Kwenye dansi solo akiingia wengine wanamtandikia njia, hapa wanambana. Lakini jamani walivyokuwa wanasikilizana! Huwezi kumjibu mtu kwa kasi ile bila kumsikiliza mpaka pumzi yake. Na chini ya vurugu yote Rick Laird wa Dublin na besi lake, hatetereki, yule ambaye baadaye aliacha muziki akawa mpiga picha. Nilifurahi mpaka nikakaa kitako kitandani, baba Nasra akauliza kuna nini. Kupendana labda hawakupendana, ba'mdogo namwachia hilo, ila asiniambie hawakuwa pamoja. Sasa naipenda kuliko nilivyokuwa naipenda Jumamosi, na nikimpata kwenye simu nitamwambia hivyohivyo, aje tena tuisikilize "Dream" yote, asisimame kabla haijaisha.

Huku mwenye nyumba wa Dodoma katuma meseji, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla ya tarehe moja, na hela ya uhamisho bado haijaingia. Sijui kama nimuombe miezi mitatu au niende kwanza peke yangu, nimwache Nasra amalize muhula kwa bibi yake.