Mfano wangu wa Bigo bya Mugenyi ulivyoacha kubinuka

Hatimaye nimelala usingizi. Nilikuwa natengeneza mfano wa pande tatu (3D) wa Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale ya mahandaki kando ya mto Katonga, Sembabule, Uganda. Mahandaki yote yakijumlishwa yanapita kilomita 10, kwa hiyo nilipiga picha kipande kimoja tu kwa droni. Kila mara kompyuta ilipomaliza kuunganisha picha, ardhi ilitokea imebinuka katikati kama mgongo wa kobe.

Nikaongeza picha. Nikapandisha ubora, nikakesha (umeme nao ukakatika). Wapi!

Kumbe tatizo ni mwelekeo wa kamera. Picha zangu zote zilitazama chini wima, na programu ikashindwa kutenganisha upindaji wa picha unaoletwa na lenzi na umbo halisi la ardhi. Nilirudi, nikapita njia zilezile, kisha nikaongeza mizunguko miwili kamera ikiwa imeinamishwa kama digrii 25 kutoka wima. Nikachanganya picha zote, nikaiamuru programu ikokotoe upya upindaji wa lenzi badala ya kutumia vipimo vya awali. Hapo usipasahau: mimi nilipasahau mara ya kwanza, kobe akarudi.

Sasa ardhi imetulia, na handaki linaonekana hadi kingo zake.