Kumbe "mama" ni mjomba

Wiki ya pili tangu ifike ile familia ya Waafghanistan tuliyoipokea, kitinda mimba wao wa miaka minne alishika simu ya baba yake akaangua kilio: "Mama! Mama!" Mama mtu alikuwa jikoni, hatua tano tu kutoka pale, anaosha mchele. Nikamwita. Akatoka, akamtazama mtoto, akarudi jikoni akijifuta macho kwa ncha ya shungi lake. Nilibaki nimeduwaa mpaka binti yao mkubwa, mwenye Kiingereza cha kuombea maji, akanieleza: kwa Kidari, lugha yao ya Afghanistan, "mama" ni mjomba. Na mjomba huyo walikuwa wamemwacha Kabul.

Tulikuwa watu watano hapa Louisville, Kentucky: mimi na mke wangu, Wakongo wa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, tulioletwa Marekani mwaka 2015, dereva mwenzangu wa lori, mwalimu mstaafu, na nesi mmoja Mkenya. Kabul ilianguka mikononi mwa Taliban tarehe 15 Agosti 2021. Marekani ikaleta Waafghanistan zaidi ya 70,000 na kuwaweka kwanza kwenye kambi za jeshi. Mashirika ya kupokea wakimbizi yalizidiwa, basi Oktoba ukatoka utaratibu mpya: watu wazima watano au zaidi wajikusanye, wachunguzwe rekodi zao, wachange dola 2,275 kwa kila mgeni, wawashike mkono kwa siku 90. Familia tuliyoipokea ilikuwa na watu sita. Dola 13,650! Yule nesi akafungua kundi la WhatsApp akatuendesha kama kamati ya harusi, na hakuna aliyeahidi akapona kukumbushwa. Desemba tukawafuata kwenye kambi ya jeshi ya Camp Atterbury, Indiana, mwendo wa saa moja na ushee.

Nyumba ndiyo iliyotutoa jasho. Hawana rekodi ya mikopo, hawana hati za mshahara, na wenye nyumba wanne walitukatalia kwa upole uleule. Wa tano, bibi mmoja mjane, alisikiliza maelezo yangu yote kisha akauliza swali moja: wanavuta sigara ndani? Tulilipa kodi ya miezi mitatu mbele, mwalimu akatia saini kama mdhamini, tukapewa funguo.

Fedha nyingine tuliipoteza kwa ujuaji wetu. Tulinunua meza ya kulia na viti sita, vikakaa ukutani kama mapambo. Wao walitandika magodoro membamba pembeni mwa kuta, wakakunja miguu na kula chini. Mke wangu alicheka, maana sisi wenyewe tumekulia mkekani. Walichokuwa wakikihitaji ni sufuria ya presha, na hakuna aliyewauliza.

Lugha nayo haikuwa ukuta kama nilivyohofia. Kwao sabuni ni sabun, rangi ni rang, kitabu ni kitab, duka ni dukan. Watoto waliniita "kaka" nikajiona kijana, kumbe kwao kaka ni baba mdogo. Siku ya kuomba kadi za hifadhi ya jamii, karani aliona baba kazaliwa tarehe 1 Januari, mama tarehe 1 Januari, akatukazia macho. Nikatoa leseni yangu: 1 Januari. Asiyejua siku yake ya kuzaliwa hupewa hiyo, iwe Kabul au Nyarugusu.

Siku 90 ziliisha Machi. Mjomba je? Alikuwa amewakalimania wanajeshi wa Marekani kwa miaka mitatu. Pale Abbey Gate, lango la uwanja wa ndege wa Kabul, kwenye mfereji wa maji machafu, dada yake na watoto walivutwa ndani, yeye akarudishwa na umati. Bomu lilipolipuka tarehe 26 Agosti hakuwa pale. Alikuwa amekwenda kutafuta maji. Baadaye alivuka mpaka hadi Islamabad, Pakistan, maana ubalozi wa Marekani Kabul ulikuwa umefungwa.

Kwa viza ya waliofanya kazi na Wamarekani, alitakiwa athibitishe ajira ya angalau mwaka mmoja na alete barua ya msimamizi wake. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Alichobaki nacho ni picha kwenye simu: yeye na sajini mmoja, jina likisomeka kifuani. Nilikuwa namtafuta sajini huyo mtandaoni kila nilipoegesha lori usiku. Miezi mitatu. Alikuwa fundi bomba jimbo lingine, na jibu lake la kwanza lilikuwa, "Yu hai?"

Barua yake ya kwanza ilijaa sifa bila tarehe, ikarudi. Ukiwahi kumwandikia mtu barua ya namna hii, weka lini ilianza, lini iliisha, alifanya nini, na nani anamtishia. Sifa ziweke mwishoni. Ya pili ilipokewa, ila majibu yalichukua zaidi ya mwaka. Viza ilitoka Desemba 2024, ndege ikapangwa Februari. Tarehe 20 Januari 2025 ikaja amri mpya ya Rais Trump, na safari zilizokuwa zikilipiwa na serikali zikafutwa. Viza yenyewe ilikuwa hai bado. Aliyeweza kujilipia aliruhusiwa kusafiri. Nesi akafufua kundi lake la WhatsApp. Tukalipa na faini ya kibali cha kutoka Pakistan, kwa kuwa muda wake wa kukaa kule ulikwisha pita.

Akatua Machi. Yule mtoto, sasa ana miaka saba na Kiingereza cha Kentucky, alijificha nyuma yangu akaninong'oneza, "Ndiye?" Mjomba akachuchumaa, akatoa mfukoni karatasi ya lozi zilizopakwa sukari, akainyoosha bila kusema neno. Mtoto akachukua moja. Kisha ya pili. Kisha akauliza kama kwenye begi kuna nyingine.