Tiba ambayo kaka ataweza kuimaliza

Kaka yangu, mwanajeshi mstaafu anayeishi na kiwewe cha vita, ameulizwa na mwanasaikolojia wake angependa kutibiwa kwa njia gani, naye ameniomba tusome pamoja kabla ya kujibu. Nimeona swali hilo lilivyo zito kwa mtu ambaye ujana wake wote uliendeshwa kwa amri.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2023 na wizara za Marekani zinazohudumia wanajeshi na wastaafu wao unatanguliza tiba tatu za mazungumzo, tena unaziweka mbele ya dawa. Ya kwanza humtaka mgonjwa asimulie tukio lenyewe kwa sauti, tena na tena, asikilize rekodi yake nyumbani, kisha aanze kuyaendea yale anayoyakwepa, kama vile kukaa penye umati, hadi hofu ipungue nguvu. Ya pili, ambayo kwa kawaida huwa na vikao 12, hupima imani alizotoka nazo vitani: kwamba wenzake walikufa kwa sababu yake, au kwamba hakuna mtu wa kuaminika. Ya tatu, iliyobuniwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, humfanya alikumbuke tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu. Wataalamu bado wanabishana kama mwendo huo wa macho una kazi yoyote.

Kaka anaelekea kwenye ya pili, na ninamwelewa, kwa kuwa kinachomnyima usingizi ni hatia kuliko hofu. Hata hivyo sikutaka aingie akiahidiwa miujiza. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wengi wa wanajeshi waliopata tiba hizo mbili za kwanza walipata nafuu ya kweli, lakini takriban theluthi mbili bado walikuwa na ugonjwa baada ya matibabu. Wengi pia huacha katikati, kwa sababu kurudi kwenye tukio huumiza kabla ya kuponya.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mgonjwa aelezwe pia juu ya tiba inayoshughulikia matatizo ya sasa, yaani hasira, ugomvi wa nyumbani na upweke, bila kumrudisha vitani. Katika tafiti nguvu yake ni ndogo kidogo, lakini wanaoiacha ni wachache. Kaka akishindwa kuendelea na ile aliyoichagua, ningependa ahamie huko badala ya kuacha kwenda kabisa.