Boga la Halloween lilikuwa linaota ukungu kabla ya siku yenyewe: kilichosaidia

Dalili: siku chache baada ya kuchonga sura kwenye boga, ukungu mweupe umejaa ndani, meno ya ile sura yamejikunja, na kifuniko kimetumbukia. Oktoba 31, siku ya Halloween, bado.

Siki peke yake haikusaidia. Mafuta ya mgando yaliyopakwa mara tu baada ya kuchonga yaliongeza tatizo.

Sasa tundu hukatwa chini, si juu. Hakuna kifuniko cha kutumbukia, na kikonyo kinabaki kizima. Watoto wanakomba kwa kijiko cha chuma (kazi wanayoigombania, ute na yote). Mbegu zinawekwa kando za kukaanga. Nyuzi zote zitoke, kwa sababu ukungu huanzia hapo. Ukuta wa upande wa sura ubaki kama sentimita 2.5. Watoto wachore kwa kalamu, mtu mzima akate kwa msumeno mdogo wa meno.

Kisha jiki, kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja ya maji, inanyunyizwa ndani na kwenye kingo. Watoto wakae mbali.

Hapa ndipo penye siri: boga likalie waya wa kupozea keki usiku kucha, tundu likiwa chini, mpaka kidole kikigusa kingo kisitoke na maji. Ndipo upake mafuta ya mgando, kwenye kingo tu. Yakipakwa mapema yanafungia unyevu ndani.

Taa ya kuweka ndani ya boga iwe ya betri. Mshumaa hulipika boga polepole.