Shimo la muhanga lililomeza pikipiki yangu

Mbukwenyi wandugu. Nimepotea humu kitambo, najua, ila leo nina stori na nikiiacha itanipotea.

Mwezi wa kumi nilikua naenda shambani kule Chamwino, Dodoma, ndani ndani huko, lami ukiiacha unaisahau kabisa. Saa moja jioni, taa ya pikipiki inamulika kama kibatari maana fundi alishaniambia nibadilishe globu nikapuuza, nakatiza kwenye kanjia kangu ka siku zote katikati ya mabua ya mtama, mara tairi la mbele likapotea. Sio limepasuka, limepotea. Nakuja kushtuka nimelala pembeni mdomo umejaa vumbi jekundu, simu ina ufa kutoka kona mpaka kona, na pikipiki imesimama kichwa chini kama kuku anadonoa.

Jirani yangu wa shamba, mzee wa Kigogo ninayemuita babu ingawa hatuna udugu wowote, akasikia kishindo akaja na tochi na fimbo yake. Alichomulika cha kwanza ni shimo, sio mimi. "Muhanga huyu," akasema, "jana halikuwepo hili." Ndo akakumbuka, "Pole mjukuu wangu, umeumia?"

Yaani shimo lote lile, la mtu mzima kuingia mpaka kiunoni, mnyama mmoja kalichimba usiku mmoja kwenye udongo ambao mimi kuuchimba choo nililipa vijana wawili siku nne na walilalamika kila siku.

Asubuhi nikarudi kulitazama vizuri. Ukutani kuna mistari mirefu imekwenda sambamba, kama mtu kapitisha reki, ndo kucha zenyewe, miguu ya mbele ana vidole vinne na kila kimoja kina ukucha kama koleo. Udongo wote kautupia upande mmoja, rundo. Nikainama nichungulie, babu akanivuta shati kwa nguvu. Kumbe mdomoni mwa shimo la muhanga hukai mbele, unakaa pembeni au juu yake, kwa sababu mwenye nyumba akihama wanaingia wapangaji, na mpangaji mbaya kuliko wote ni ngiri. Ngiri anaingia kinyumenyume, kichwa na meno yanabaki yanaangalia mlango, ukimshtua anatoka kama risasi na wewe ndo uko njiani. Babu ana kovu la goti, hakusema limetoka wapi na mimi sikuuliza.

Hatua kama ishirini mbele tukakuta shimo lingine la zamani, mdomo umeshalainika, na pale mlangoni mwiba wa nungunungu, mweupe na mweusi. Hapo babu akaanza kulaani, maana nungunungu wanamlia mihogo yake na wanalala bure kwenye nyumba iliyochimbwa na mwingine. Fisi nao humo humo, kakakuona humo humo, nyoka usiseme. Muhanga mmoja anajengea mtaa mzima na yeye mwenyewe akichoka anachimba nyingine. Jina lake nalo, unajua tena, kujitoa muhanga.

Kwa ambao hawajamuona (na wengi hatujamuona, anatoka usiku tu), ni kama nguruwe aliyepewa masikio ya punda, pua ndefu, mkia mnene, kilo 40 mpaka 60 na ushee. Chakula chake mchwa na sisimizi, anabomoa kichuguu afu anaingiza ulimi wa sentimita 30 hivi unaonata. Ila mimi kilichonimaliza ni meno. Hayana ile enameli ngumu ya juu kama yetu, kila jino ni fungu la mirija midogo midogo imeshikana, na hakuna mamalia mwingine yeyote aliye hai mwenye meno ya hivyo. Wanasayansi kwenye kuwapanga wanyama wamempa oda yake peke yake, spishi moja tu, ndugu zake wote wa karibu walishakufa tunawajua kwa mifupa. Sasa sikia baadhi ya waliobaki kwenye ukoo mpana: tembo, nguva wa baharini na pimbi. Pimbi hawa hawa wanaoota jua kwenye mawe hapa mjini! Sio panya wala sungura, ni binamu wa tembo. Nilipomwambia babu alicheka mpaka akakaa chini.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, alikuja likizo ya mwezi wa kumi na mbili, akaliona shimo akauliza swali la maana sana, "Anko, tukiendelea kuchimba hapa si tutakuta dainosaria?" Maana wabunge wetu kila baada ya muda wanauliza pale bungeni habari za yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 wakampeleka Berlin, na yuko kule mpaka leo amesimamishwa ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mtoto akawa amejiaminisha kwamba na Dodoma yupo wake.

Tukachukua nyundo tukapanda kwenye majabali. Nyundo inadunda, cheche zinaruka, mkono unakufa ganzi, kikimeguka kipande unaona chembe za pinki na nyeupe na vitu vinavyometameta kama glita. Basi. Hakuna jani, hakuna konokono, hakuna hata unyoya. Ilibidi nikae nisome ndo nikaelewa kwamba tulikua tunatafuta samaki kwenye jiko la mkaa. Mawe haya ni graniti, yalikua uji wa moto chini ya ardhi ukapoa taratibu, na mwamba wa kati ya Tanzania ni wa kale kabisa, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wakati ule duniani kote hapakuwa na kitu chenye mfupa wala mguu, ni vijidudu vya seli moja tu. Hata kama yangekua ya tope yasingekua na mjusi wa kutupa.

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe, vinataka tope. Mnyama afe, au azame mzima mzima, afunikwe haraka kabla fisi na jua na mchwa hawajagawana, tope juu ya tope miaka na miaka mpaka linakua jiwe. Na hapo ndo nikacheka peke yangu, kwa sababu wazee wanasema jina la mji huu limetoka kwenye Kigogo, Idodomya, mahali tembo alipokuja kunywa maji akadidimia. Yaani mji umejengwa juu ya mawe yasiyoweza kuwa na kisukuku halafu jina lake ndo maelekezo ya jinsi kisukuku kinavyotengenezwa.

Nikamwambia mpwa asikate tamaa, apande basi aende Singida. Magharibi ya Singida mjini kuna sehemu inaitwa Mahenge (sio ile ya Morogoro), miaka milioni 46 hivi iliyopita volkano ya aina ile ile iliyoleta almasi kule Mwadui ilipasua shimo, shimo likajaa maji likawa ziwa dogo, na chini tope laini likawa linatuama kimya kimya. Humo wametoa samaki wa ukoo wa perege na sato, ni kati ya wa kale zaidi wa ukoo huo waliowahi kupatikana popote, wametoa chura, na wametoa popo mwenye mifupa mpaka ya sikio la ndani, wanasema ukubwa wa sikio lenyewe unaonesha alikua tayari anawinda kwa kusikiliza mwangwi. Popo wa Singida, bwana, miaka milioni 46. Kisayansi anaitwa Tanzanycteris, nchi yetu imo ndani ya jina, na nina uhakika ukiuliza watu kumi stendi hakuna anayemjua.

Lakini roho yangu ilikua kwenye mashimo, sio kwenye popo. Nataka kujua nani alianza kuchimba. Minyoo, kumbe. Wanajiolojia wameweka mstari wa kugawa enzi za dunia kama miaka milioni 539 iliyopita, na alama ya mstari wenyewe sio mfupa, ni kanjia kalikopindapinda ambako mdudu fulani alipita ndani ya tope chini ya bahari. Mwenye njia mwili haukubaki, shimo limebaki.

Na hapa nchini tunaye mchimbaji wa kale, miaka zaidi ya milioni 250, mabonde ya Ruhuhu kule kati ya Ludewa na Songea. Anaitwa Kawingasaurus. Kadogo tu, fuvu lenyewe sentimita chache, miguu ya mbele minene ya kazi, na sikio la ndani limevimba kupita kiasi, wanadhani alikua anasikia mitikisiko ya ardhi kupitia kichwa. Huyo sio panya wala fuko, mamalia walikua bado hawajazaliwa, ni wa ukoo wa pembeni wa mababu wa mamalia. Afu fuko wa shambani kwetu, anayechimba kwa meno na midomo imefungwa kwa nyuma ya meno ili asile udongo, kaja kivyake mamilioni ya miaka baadae kufanya kazi ile ile.

Muda mfupi baada ya huyo Kawingasaurus, miaka milioni 252 iliyopita, kikaja kile kifo kikubwa kuliko vyote, mavolkano ya Siberia, joto, ukame, viumbe vingi sana duniani vikafutika. Kati ya waliopita upande wa pili wamo waliokua wanajichimbia. Afrika Kusini mwaka 1975 waliokota donge la jiwe, lilikua shimo la wakati huo huo lililojaa tope likagandia, likakaa kabatini miaka mpaka lilipopelekwa Ufaransa kupigwa eksirei kali bila kuvunjwa, majibu yakatoka 2013. Walitegemea kumuona mmoja, wakakuta wawili. Mwenye nyumba, Thrinaxodon, naye wa ukoo wa mababu wa mamalia, ukubwa kama wa paka, amejikunja amelala. Na pembeni yake amfibia, mfano wa mburukenge hivi, mbavu zimevunjika na zimeanza kuunga. Hawajaumana. Inaonekana yule majeruhi aliingia kujihifadhi, mwenyeji alikua kwenye usingizi mzito wa kiangazi hakumfukuza, afu mafuriko yakaja yakawafunika wote pamoja.

Hiyo nilimsimulia babu jioni tukiwa tunakunywa chai kwake. Alinyamaza sana. Afu akauliza, "Huyo mgonjwa, aliingia kinyumenyume au mbele?" Sikuwa na jibu.

Babu alitaka kufukia mashimo yote mawili kabla ya kupanda, na haki yake, ng'ombe akivunjika mguu nani atamlipa. Mimi nikamuomba tuzungushie matawi ya miba tu, muhanga anapunguza mchwa na mchwa ndo wanamaliza mahindi yetu. Tukavutana wiki nzima. Akakubali kwa sharti nibadilishe globu ya pikipiki.

Mvua ya kwanza ya maana ikaja usiku, ile ya Dodoma isiyo na salamu, mpaka asubuhi korongo linanguruma. Tulivyofika shambani shimo la zamani halipo. Maji yalishuka na udongo wote wa juu yakaumimina mle, pamebaki duara la tope laini limekaa sawa kama sahani, linang'aa, na katikati umechomoza mwiba mmoja wa nungunungu, ncha tu.

Babu alisimama pembeni, sio mbele, na fimbo yake. "Sasa," akasema, "hujui kama alikua ametoka."

Mpwa akachutama akaugusa ule mwiba kwa kidole. Haukuchomoka.