Hafichi, Anaweka

Mwanangu hawezi kuona chombo kitupu akakiacha hivi hivi. Ndoo, sufuria, kiatu, mfuko wa koti lililotundikwa chini, hata sikio langu nikijilaza ubavu: penye uwazi lazima patiwe kitu. Anakaribia mwaka na nusu sasa, na hiyo ndiyo kazi yake tangu afumbue macho asubuhi. Anaokota kitu chumba hiki, anakikumbatia kifuani, anakwenda nacho kwa mwendo wake ule wa kuyumbayumba, miguu imetanuka, anakitumbukiza anakojua mwenyewe, anainama kukichungulia, halafu huyo anaondoka.

Basi vijiko tunavikuta kwenye kapu la nguo chafu. Soksi moja ya dada yake ilipikwa, maana sufuria ilibandikwa jikoni bila mtu kufunua kifuniko.

Leo asubuhi ilikuwa zamu ya funguo. Baba yake kashachelewa kazini, dada yake kasimama mlangoni na mkoba mgongoni, sisi tunapindua mito na kupekua mifuko, na yeye katulia kwenye kizingiti anatutazama. Nikachuchumaa mbele yake. "Funguo ziko wapi, baba?" Akanishika kidole, akaniongoza hadi jikoni, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha birika lililokuwa rafu ya chini. Nikafunua. Funguo zimo, zimelala kwenye maji ya jana.

Nilikuwa na hasira, lakini iliniisha pale pale. Alikumbuka! Mtoto ambaye maneno yake yote bado yanahesabika alilielewa swali langu, akakumbuka kitu asichokiona, akanipeleka kilipo. Mtu anayeficha hakupeleki kwenye maficho yake. Wageni wakija husema ni mtundu, na najua wanasema kwa mapenzi, ila mimi neno hilo silikubali tena.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwatazama wanawe watatu tangu uchanga wao na kuandika alichokiona. Alieleza kwamba mtoto wa kati ya miezi 12 na 18 hurudia tendo lile lile huku akilibadilisha kidogo kila mara, apate kuona kitatokea nini. Juzi nililiona hilo mezani kwa macho yangu. Mwanangu alikiinamisha kikombe cha maziwa polepole, akayafuata kwa macho yanavyotambaa mpaka ukingoni mwa meza na kuanza kudondoka. Akatia kidole penye mchirizi. Maziwa yakagawanyika, yakapita pande mbili za kidole. Akakitoa, akakirudisha. Kisha akainua kikombe juu zaidi, akamimina tone la mwisho kutoka huko, akanigeukia macho yamemtoka. Alitaka kujua kama na mimi nimeona. Nilimwambia nimeona, tukachukua kitambaa tukafuta pamoja. Kufuta nako alikupenda, akafuta na ukuta.

Ana mengine madogo madogo. Maji ya kuogea yakimwagwa huyapungia mkono wa kwaheri. Hapiti mlango ulio wazi bila kuufunga, na vidole vyake vimeshabanwa mara moja. Tangu siku hiyo nimekunja taulo juu ya kila mlango ili usijibamize.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo sitaki lipite kwa kucheka. Mtoto anayetia vitu katika kila uwazi, mdomo wake nao ni uwazi. Zile betri ndogo za duara, bapa kama kifungo, zinazokaa kwenye baadhi ya rimoti, mizani na vitu vya kuchezea, zikikwama kwenye umio, njia ya chakula kooni, zinaweza kuunguza nyama ya humo ndani ya saa 2 tu. Mtoto akishukiwa kumeza moja, hupelekwa hospitali papo hapo, haisubiriwi mpaka aumwe. Hapa kwetu kila kitu chenye betri hiyo kimepanda juu, na ambacho kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu hakikai nyumbani kabisa. Ndoo pia: zikishatumika zinamwagwa na kufudikizwa, kwa sababu sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha mtoto wa umri huu, na yeye hupenda kuinama kuchungulia alichokitumbukiza. Katika hayo sina mjadala na mtu, awe mgeni au mwenyeji.

Yaliyobaki namwachia. Baba yake amepigilia msumari juu kwa ajili ya funguo, na jioni alichukua boksi la kadibodi akalitoboa tundu pana ubavuni. Tukampa soksi kuukuu, vifuniko vikubwa vya makopo na kipande cha kanga. Alivisukuma ndani kimoja kimoja, akalipindua boksi, vikamwagika vyote, akaanza upya. Dada yake alikaa sakafuni akimpokeza, na alipompa vitu viwili kwa pamoja alikirudisha kimoja. Vitu vilipokwisha akatazama huku na huku, akaona mguu wake mwenyewe. Ukaingia. Wa pili ukagoma, akausukuma kwa mikono yote miwili, boksi likapasuka upande mzima naye akakaa kitako katikati ya vipande akidai "tena!" Baba yake anasema kesho atatafuta lingine, kubwa zaidi.