Picha Namba 18

Shangazi alinikabidhi funguo, akanionyesha sanduku la bati chini ya kitanda cha marehemu Babu, akasema, "Lichome na vyote vilivyomo. Usipekue, baba. Karatasi za waliokufa hazimsaidii aliye hai." Akaondoka, safari ya siku tatu.

Nilikuwa na miaka 24. Minne ya mwisho nilikuwa nimeimaliza nikizurura: utingo wa lori, mbeba zege, mlinzi wa ghala lisilokuwa na kitu, na miezi saba ya kufagia na kuanika mikanda ya picha katika chumba cha giza cha mpiga picha mmoja asiyekuwa na subira. Wazazi wangu walikwishafariki kabla sijaondoka. Niliondoka nikijigamba kwamba nitarudi na mali, na kwa sababu mali haikupatikana, nikawa sirudi. Kuna usiku nilikuwa naingia kwenye kibanda cha simu, napiga nyumbani, namsikia Shangazi akisema "haloo", halafu sauti inanikauka na mkono unaning'iniza simu. Mwishowe nilirudi na begi moja lenye zipu mbovu. Hakuniuliza nilikokuwa. Alinipa godoro, na siku ya tano akanipa lile sanduku.

Siku ya kwanza sikuligusa. Ya pili, jua likizama, nikalifungua, maana bati haliungui, sharti utoe vya ndani. Ndivyo nilivyojitetea. Ndani mlikuwa na stakabadhi, mikataba iliyoliwa na mende, kamera ya Baba, ile ya kusogeza mkanda kwa kidole gumba, na bahasha ya kaki yenye negativu.

Mwingine angezitia motoni bila kuzitazama. Negativu hazivutii: uso mweusi unakuwa mweupe, shati jeupe linakuwa jeusi, na hata mama yako mzazi humtambui. Lakini mimi kwa miezi saba sikuwa nimetazama kitu kingine. Nikaingia ndani, nikainua kipande kimoja mbele ya balbu.

Kilikuwa cha filamu ya milimita 35, picha sita bila kukatwa, namba 15 hadi 20. Namba hizo hazipigwi na kamera. Kiwanda huzichapa pembeni kwa mwanga kabla mkanda haujauzwa, nazo hujitokeza filamu inaposafishwa. Haziwezi kukwambia mwaka wala siku, kwa kuwa mkanda mmoja unaweza kukaa ndani ya kamera hata mwaka mzima. Ila ipi ilitangulia na ipi ilifuata, hapo hazina utani.

Namba 15 na 16 nilizijua. Ni mimi, mtoto mchanga aliyeanza kukaa mwenyewe, nimeshika mwiko. Picha hiyo ilining'inia sebuleni utoto wangu wote. Namba 17 ilikuwa ya uani, haina mtu. Namba 18 alikuwepo mwanamume ameegemea fremu ya mlango, mguu mmoja umepishana na mwingine, mkono mfukoni. Nilishtuka. Uso haukuwa na maana yoyote, lakini kule kusimama kulikuwa kwangu. Hivyo ndivyo ninavyosimama mimi.

Alikuwa na saa mkono wa kushoto. Kama kila mtu, nikawaza, nikataka kukiweka chini. Ndipo nikaona namba 18 imeandikika kinyume, kama kwenye kioo. Nilikuwa nimeshika upande wenye dawa, ule usiong'aa. Nikageuza. Namba ikasomeka sawasawa, na saa ikahamia mkono wa kulia.

Katika ukoo wetu walikuwepo watu wawili tu wa mashoto: mimi, na Baba Mdogo. "Alikufa maji miezi miwili kabla hujazaliwa."

Sentensi hiyo niliisikia kwa Baba, kwa Mama, kwa Babu, kwa Bibi na kwa Shangazi. Na hapo, nimeduwaa chini ya balbu, ndipo nilipogundua kwamba wote walikuwa wakiitamka kwa maneno yale yale, hakuna aliyeongeza wala kupunguza. Nilipokuwa utingo niliwaona madereva wakihojiwa barabarani kuhusu mzigo. Waliosema kweli walipishana, huyu anasema tulipakia asubuhi, yule anasema jua lilikwishapanda. Waliopanga uongo walijibu kama wanafunzi wanaoimba jedwali la kuzidisha, na hao ndio walioshushwa.

Nilijaribu kujipinga. Nilijua zipo kamera zinazovuta mkanda wote kwanza, kisha zikapiga zikirudi nyuma, hivyo namba kubwa hutangulia. Nikaichukua kamera ya Baba, nikasukuma kile kikono kwa kidole gumba. Kidirisha cha kuhesabia kikaruka mbele. Nikasukuma tena. Mbele. Nilirudia mara nyingi mno, kama mjinga.

Kwa hiyo mtu aliyekufa kabla sijazaliwa alikuwa ameegemea mlango wetu, na mimi nimekwishajifunza kukaa.

Ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

Ilikuwa siku ya pili, si ya tatu. Shangazi alisimama kizingitini na mkoba begani, akanitazama, akatazama balbu, akatazama kilichokuwa mkononi mwangu. Nilisahau hata kumwamkia.

"Ningetaka zichomwe," alisema, "ningezichoma mwenyewe." Akavuta kiti. "Nimejaribu mara tatu, mkono ukakataa. Nikaona nikupe wewe. Wewe hata ukikatazwa kusoma, utasoma."

"Shangazi, hakufa maji."

"Hakufa kabisa. Alimwinulia Babu yako mkono. Waligombana kwa jambo ambalo leo hata nikikusimulia utacheka. Babu yako akasema, kwangu huyu amekufa, asitajwe. Akaondoka usiku ule ule na nguo alizovaa. Baada ya wiki chache akaja mgeni, akauliza, yule kijana yuko wapi? Bibi yako kwa kubabaika akajibu, alikufa maji. Tulikuwepo wote. Tukanyamaza. Ukishamzika mtu kwa mdomo, utamfufua vipi?"

"Na hiyo miezi miwili?"

"Hiyo ni ya baba yako. Hakuwa tayari siku moja umuulize kama alikupakata."

"Alinipakata?"

Alininyang'anya kile kipande, akakileta karibu na macho, kidole kikatua kwenye namba 20. Mimi nilikuwa nimeipita, nikidhani imeharibika, ukungu mtupu. "Huyu ni yeye, na hii ni miguu yako. Ulikuwa unarusharusha, ndiyo maana imetikisika."

Nilitazama kwa muda mrefu. Kweli, kulikuwa na saa.

"Sasa yuko wapi?" niliuliza.

Hapo Shangazi alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitabasamu, tabasamu la msichana mwenye siri nzuri.

"Hapo sipajui. Lakini yu hai. Ananipigia simu."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Usiku usiku simu inalia, naipokea, kimya. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nikajua ni yeye, anaona haya. Sasa nami nanyamaza, tunasikilizana. Nasikia malori. Siku moja nilisikia mvua kwake, huku kwetu hakuna. Ni miaka minne sasa. Alianza tu ulipoondoka wewe, nadhani mtu alimwambia nimebaki peke yangu."

Mikono yangu ilikuwa imeanza kuwa ya baridi. "Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Jumapili, wiki moja kabla hujafika. Tangu umekuja hajapiga." Akaniangalia, kidogo kwa wasiwasi. "Pengine anajua nina mtu ndani."

Jumapili ile nilikuwa kwenye kibanda karibu na maegesho ya malori, nimeloa.

Nilitafuta namna ya kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Yeye alikuwa anakirudisha kipande ndani ya bahasha taratibu, akikishika kwenye kingo tu asiache alama za vidole, jinsi ninavyoshika mimi, na sikuwa nimemfundisha.

"Atapiga," nikasema.

Stakabadhi tulizichoma kesho yake. Bahasha ilibaki. Jumapili usiku nilimwambia natoka kunyoosha miguu. Nilitembea mbali kuliko ilivyohitajika, nikapita vibanda viwili vya simu, nikaingia cha tatu.

Aliipokea kabla haijalia mara ya pili.